Breki Iko Kushoto

Sehemu ya Kumi na Moja

Chuma kilishuka.

Ninyi mlionisumbua wiki nzima mkiuliza kimetua kwenye kichwa cha nani, pumueni. Hakikutua kwenye kichwa cha mtu. Nyigu alikuwa na helmeti mkononi, akainyanyua juu ya utosi wake, na ile spana ndefu ya kufungulia magurudumu ikaipiga helmeti katikati. Helmeti ikapasuka. Kidole chake kidogo kikavunjika papo hapo.

Alipiga ukelele. Mlangoni hakutoka.

Kwa waliochelewa, nasema harakaharaka maana spana inanyanyuliwa tena. Hili ni tamasha la mashine za zamani, ambako madereva na waendesha pikipiki wenye majina makubwa huja kutamba mbele ya watu na kutia sahihi kwenye kofia za mashabiki. Jana pikipiki ya Kipanga, bingwa mara tatu, iliingia kona ya mwisho bila kupunguza mwendo ikamzoa mshika bendera. Kijana alikufa bendera ikiwa bado mkononi. Polisi wakasema ni ajali. Waandaaji wakasema tiketi zimeshauzwa. Lakini marehemu alikuwa na kaka, na kaka mwenyewe ni Tingatinga, dereva wa rali aliyepata jina hilo kwa kusukumia magari ya wenzake mtaroni. Tingatinga akasema damu ya mdogo wake hailipwi kwa pole.

Sasa yuko mbele ya lori la timu. Kipanga yuko ndani, kajificha. Kati yao kuna mlango mmoja na dada mtu, pacha wake Kipanga, ambaye naye enzi zake alibeba vikombe vya pikipiki mpaka kabati likajaa. Huyo ndiye Nyigu. Ni mwembamba, na anauma.

"Toka hapo," Tingatinga alisema. "Mimi sina ugomvi na wewe."

"Unao sasa. Umenivunja kidole."

"Nitakuvunja na shingo."

"Basi anza, unaongea sana."

Alianza. Spana ilipita juu ya sikio la Nyigu ikapiga mlango, bati likabonyea. Nyigu akamtandika teke la goti. Jitu likayumba, lakini halikuanguka. Likamkamata kwa ukosi wa koti lake la ngozi, likamnyanyua, likambamiza kwenye ubavu wa lori. Mara ya kwanza alisikia meno yakigongana. Mara ya pili nyusi ilipasuka, damu ikamwingia jichoni.

Mashabiki walikuwa wameshazunguka. Walilipa kuona mbio, na hii walikuwa wanapewa bure, kwa hiyo simu zote zilikuwa hewani.

"Mpasue!" mmoja alipiga kelele, na hadi leo sijui alikuwa upande wa nani.

Nyigu alipapasa ukutani. Mkono wake mzima ukakuta mtungi wa kuzimia moto. Akauchomoa, akavuta pini kwa meno, akammwagia Tingatinga unga wote usoni.

Tingatinga akawa mweupe kuanzia paji la uso hadi kifuani. Alipofuka, akakohoa, akarusha spana ovyo. Ilipiga bawaba za mlango, zote mbili zikang'oka, mlango ukabaki unaning'inia kwa kitasa. Nyigu hakungoja. Alimpiga na mtungi mbavuni, kitu ndani kikalia. Akampiga tena. Jitu likapiga magoti.

Hapo ndipo alipounyanyua mtungi juu ya kichwa cha yule mwanamume. Angeweza kummaliza. Hasira ya kumtosha alikuwa nayo, na msomaji mwenye roho ngumu najua anasema maliza.

Lakini Tingatinga alikuwa analia. Machozi yalichora mifereji kwenye ule unga.

"Nilimlea mimi," alisema. "Mama alitangulia, yeye akiwa hajatambaa. Uji nilimlisha mimi kwa mkono huu. Halafu nduguyo anamkanyaga kama chura barabarani, na mnaniambia ajali?"

Mtungi ulishuka taratibu. Nyigu alikuwa na uchungu na yule mtu, uchungu wa kweli, na hakuona aibu kuuonyesha.

"Nisikilize," alisema, akifuta damu jichoni. "Nikuonyeshe kitu kimoja. Kimoja tu. Ukishakiona, kama utaona nimekudanganya, mlango huu hapa umeshaung'oa. Ingia, nami sitakuzuia."

"Unaapa?"

"Naapa kwa kaburi la baba."

Tingatinga alishika ubavu wake, akasimama.

Pembeni ya lori kulikuwa na turubai. Nyigu akalivuta. Chini yake ilisimama pikipiki ya jana, nyekundu, ya zamani kuliko wote waliokuwa pale, taa imepasuka na uma wa mbele umepinda. Tangi lilikuwa na alama ambazo hakuna aliyetaka kuziangalia mara mbili.

"Panda."

"Siwezi kukaa hapo."

"Umetaka kuua mtu mbele ya halaiki, utashindwa kukaa kwenye kiti? Panda!"

Alipanda.

"Wewe pikipiki unaendesha?"

"Kabla hujaota meno mimi naendesha."

"Haya. Shika usukani. Fumba macho. Uko kwenye kona ya mwisho, unakuja na moto. Unanisikia? Unakuja na moto, na mbele yako kuna mtu na bendera. Ni mdogo wako. Amesimama palepale..."

Alimzaba kofi la nguvu zake zote.

"BREKI!"

Mguu wa kulia wa Tingatinga ukashuka kwa kishindo. Ndani ya injini kikasikika kitu kimoja kizito, *kla*.

"Usiutoe!" Nyigu alipiga kelele. "Fumbua macho. Mguu wako uko wapi?"

"Kwenye breki."

"Sio breki. Pikipiki za siku hizi ndizo breki ya mguu iko kulia. Hizi za wazee wetu, watengenezaji wengine walizigeuza: breki iko kushoto, gia iko kulia. Hiyo uliyokanyaga ni gia. Hukupunguza mwendo, kaka. Umeongeza. Umemkanyaga mdogo wako na wewe."

Simu zilizokuwa hewani zikashuka. Hata spika za uwanjani, zilizokuwa zikitangaza soda tangu asubuhi, zilionekana kushikwa na adabu.

Tingatinga aliuangalia mguu wake. Aliuangalia muda mrefu. Halafu akaanza kuupiga kwa ngumi, pajani, gotini, akiupiga kama mtu anayempiga mwizi, mpaka Nyigu akamshika mikono yote miwili.

"Basi. Basi, kaka yangu."

"Kwa hiyo alikosea mguu?"

"Mguu ndio uliokosea. Jana asubuhi waendeshaji waliambiwa breki iko kushoto, kila mmoja akaitikia. Lakini ukiwa na moto, mguu hausikilizi ya asubuhi. Unakwenda ulikozoea."

"Mwite atoke," Tingatinga alisema. "Sitamgusa."

Kipanga alitoka kwenye rundo la matairi ndani ya lori, mdogo wa umbo, mzuri wa sura, macho mekundu. Alishuka ngazi kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Tingatinga akamvuta, akamkumbatia, akamlowesha bega kwa machozi na unga. Watu wakapiga makofi. Wale wale, enhe, waliokuwa wanataka mtu apasuliwe.

Mratibu wa tamasha alifika akihema, mama wa miwani ya jua na redio ya mkononi. Mama yule hakuwa mbaya, ila alikuwa na pua ya kunusa habari kabla haijaiva.

"Msiondoke!" alisema. "Jamani, msiondoke hivyo hivyo. Tunafanya mzunguko wa heshima kwa marehemu. Kipanga anaendesha ile pikipiki yenye kigari cha ubavuni, Tingatinga anakaa kwenye kigari na bendera ya mdogo wake. Mizunguko miwili tu. Watu watalia mpaka walie tena."

Tingatinga alimtazama Kipanga. "Utanibeba?"

"Nitakubeba," Kipanga alisema, akainamisha kichwa.

Nyigu aliona kama mawe mawili yameshuka mabegani mwake.

*

Ndani ya lori, alikaa juu ya sanduku la vifaa akijifunga kidole kwa utepe wa fundi umeme. Maumivu yalikuwa yanapanda hadi kwapani. Kipanga alikuwa anavaa suti yake ya ngozi ya mashindano, na alikuwa anapiga mluzi.

Nyigu aliusikia ule mluzi, akaona haufai. Akajiambia labda ni kiwewe.

"Pole," alimwambia. "Ni mguu tu. Usijilaumu maisha yako yote kwa ajili ya mguu."

Kipanga alicheka kwa pua.

"Umewapika, wakapikika. Kofi lenyewe! Nilikuwa nachungulia kwenye tundu, hata mimi nilikaribia kuamini."

"Kuamini nini?"

"Ah, dada. Acha."

"Kuamini nini, Kipanga?"

Kipanga aliendelea kufunga vifungo vya viatu. Nyigu aliuacha utepe ukining'inia kidoleni.

Katika joto la spana mtu hukumbuka la kumwokoa tu. Lakini sasa spana haikuwepo, na alikumbuka ua wa nyumba yao. Alikumbuka pikipiki ya baba, ile ile ya kizee, ambayo juu yake mapacha wawili walijifunza kuendesha kabla miguu haijafika chini. Breki yake ilikuwa kushoto. Baba alikuwa anasimama katikati ya ua na njiti ya chuma ya gurudumu, na aliyekanyaga kulia alikula njiti kwenye muundi. Walikula njiti mpaka wakaacha kukosea. Walipokuja kununua za kisasa, miguu yao ilijua zote mbili, kama mtoto anayekulia kwenye nyumba ya lugha mbili.

Mguu wa Tingatinga ungekosea. Mguu wa mtu yeyote pale uwanjani ungekosea. Wa Kipanga usingekosea hata akiwa usingizini.

"Ulikanyaga wapi?" aliuliza. Sauti yake hakuitambua.

"Sikukanyaga popote."

"Kipanga!"

"Usipige kelele. Unakumbuka bendera nyeusi?"

Nani asiyeikumbuka? Miaka minne iliyopita, mzunguko wa mwisho, Kipanga akiongoza, ubingwa wa nne uko mkononi, mshika bendera akampeperushia bendera nyeusi: toka barabarani, umefukuzwa. Alikuwa amempiga teke mwenzake kwenye kona.

"Yule mtoto ndiye aliyeishika," Kipanga alisema kwa utulivu, utulivu ambao Nyigu aliuona mbaya kuliko spana. "Jana nimetokeza kwenye kona, nikamwona. Kasimama vile vile, kajishikia bendera yake kama mfalme. Sikupanga. Nilimwona tu, nikaacha breki ilale."

"Mungu wangu."

"Na unajua nani alipiga simu kushtaki lile teke? Kaka mtu. Alikuwa juu ya jukwaa na darubini yake. Mdogo alikuwa mkono tu, kichwa ni yeye."

Nyigu alisimama. "Hutaendesha."

"Ile kona ina ukuta upande wa kushoto. Kigari nacho kiko kushoto." Kipanga alivuta zipu hadi kidevuni. "Mashine ya kizee, dereva ana majonzi, na miguu yake, kama dada yake alivyowaeleza watu wote, inakosea. Ajali haina kinga."

Alimrukia. Nyigu mwenye kidole kimoja kilichovunjika na jicho moja lenye damu alimrukia pacha wake, akamwangusha juu ya matairi, akampiga pua ikavuja. Walikuwa hawajapigana tangu utotoni, na wakati ule mshindi alikuwa yeye. Safari hii Kipanga alikishika kile kidole, akakipinda.

Dunia ikawa nyeupe.

Alipopata fahamu alikuwa chini, mikono imefungwa kwenye chuma cha lori kwa mkanda wa kubania pikipiki, na kitambaa cha grisi mdomoni. Kipanga alikuwa anajifuta pua mbele ya kioo. Alikuja, akamchutamia, akambusu juu ya paji la uso.

"Hujawahi kunichongea tangu tuko tumboni," alisema. "Usianze leo."

Akavaa helmeti, akatoka. Umati ukampokea kwa shangwe.

*

Mkanda wa kubania pikipiki una meno yake na kitasa chake, na kitasa kikifunguka kidogo mkanda wote unalegea. Nyigu amefunga na kufungua mikanda hiyo maisha yake yote. Alijikunja, akageuza kiuno, akakipata kitasa kwa kisigino cha kiatu, akakisukuma. Kikateleza. Akasukuma tena huku akilia kwa maumivu ndani ya kile kitambaa. Kikafunguka, akaking'oa kile kitambaa mdomoni.

Mlango ulikuwa hauna bawaba. Aliupiga bega moja ukalala chini.

Nje jua lilikuwa kali na spika zinanguruma: "Mabibi na mabwana, simameni kwa heshima! Wapinzani wawili, leo ndugu!" Pikipiki yenye kigari ilikuwa imeshaanza mzunguko wa kwanza, polepole, Tingatinga kakaa kwenye kigari na bendera ya njano juu, watu wanarusha kofia.

Nyigu alimfikia mratibu kwenye uzio, akamshika mkono.

"Simamisha! Anataka kumuua!"

"Nani?"

"Kipanga! Jana alifanya makusudi!"

Mratibu aliuangalia uso ule wenye damu, ile nyusi iliyofumuka, ile grisi mdomoni. "Mama, wewe mwenyewe umeonyesha ni mguu. Watu wote wameona. Umepigwa kichwa, nenda kwa daktari ukashonwe."

"Nilikuwa sijui!"

"Leo ni siku ya kaka yako. Usimharibie kwa wivu."

Uongo una mbio, lakini ukweli uliochelewa haupati hata pa kukaa. Nyigu aliachana naye, akakimbia kwenye safu ya pikipiki zilizopangwa kwa ajili ya mashabiki. Ya kwanza ilikuwa inanguruma. Juu yake alikaa Bibi Spidi, bingwa wa enzi ambazo helmeti zilikuwa za ngozi, mvi zimesukwa vizuri, anatia sahihi shati la mtu.

"Shikamoo bibi. Naomba pikipiki."

"Marahaba mwanangu. Hii haiazimwi, hata marehemu mume wangu nilimnyima."

"Bibi, nisamehe."

Akamsukuma. Bibi Spidi akaangukia kwenye mikono ya mashabiki, miguu juu, akitoa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nyigu alishatoka.

Alikatiza kwenye majani. Aliruka tuta, pikipiki ikamrusha ikamdaka, kidole kikapiga mayowe yake peke yake. Hakuwa na helmeti, upepo ulimkausha damu usoni. Kule mbele Kipanga alikuwa amemaliza mzunguko wa kwanza na sasa alikuwa ameachia moto. Watu walidhani ni madoido, wakashangilia zaidi. Tingatinga aliishusha bendera, akashika kigari kwa mikono miwili.

Kona ya mwisho ilikuwa inakuja. Ukuta wa zege, mrefu kuliko mtu, upande wa kushoto.

Nyigu aliingia barabarani nyuma yao, akafungua mafuta yote. Pikipiki ya Bibi Spidi, Mungu amzidishie maisha, ilikuwa na injini iliyotunzwa. Alimfikia. Kati ya kigari na ukuta kulikuwa na nafasi ya mtu na nusu. Akajichomeka humo.

Tingatinga aligeuka akamwona. Aliona mwanamke mwenye uso wa damu, meno nje, anamkaribia upande wa ukuta. Akapiga kelele. Haikusikika.

Ukuta ulichuna bega la koti la Nyigu. Alipita kigari. Akalifikia gurudumu la mbele la kaka yake, wakatazamana. Ndani ya helmeti macho ya Kipanga yalikuwa makavu kabisa. Alianza kuusukuma usukani kushoto, kuelekea ukutani, kuelekea kwa dada yake na kwa yule baba wa watu pamoja.

Wewe ungefanya nini? Nyigu alilia jina la utotoni la pacha wake, akakata usukani kulia, akalitupia lile gurudumu pikipiki nzima na yeye mwenyewe.

Chuma kiliingia ndani ya chuma. Gurudumu la mbele likapinda, mashine zote mbili zikageukia kulia, mbali na ukuta, zikabiringika. Kigari kiling'oka. Tingatinga akaruka nacho hadi kwenye marobota ya majani makavu. Kipanga alipita juu ya usukani. Nyigu alitangulia kwa uso, akateleza kwenye lami, na taya lake likavunjika kwa mlio ambao aliusikia ndani ya fuvu lake.

Halafu kimya. Petroli ikidondoka.

Alikuwa hai. Aligeuza jicho moja akamwona Tingatinga akitambaa kutoka kwenye majani, mkono umening'inia vibaya, lakini anatambaa. Mzima! Nyigu alitaka kucheka kwa furaha. Taya likakataa.

Watu waliruka uzio. Walimzunguka kwanza Kipanga, ambaye alikuwa amekaa, mguu umepinda, helmeti mkononi, machozi yakimtiririka. Machozi yale yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa.

"Amekukatia njia!" mtu alipiga kelele. "Tumeona! Amekukatia makusudi!"

"Ameniibia pikipiki!" Bibi Spidi alikuwa anakuja na fimbo. "Kanisukuma kama gunia!"

"Alinijia pale uzioni," mratibu alisema, miwani mkononi, "anataka nisimamishe, anasema maneno hayaeleweki..."

Kipanga alinyanyua mkono. Wote wakanyamaza, maana bingwa ni bingwa hata akiwa chini.

"Msimpige," alisema. "Nawaomba. Ni pacha wangu. Ndiyo maana nilinyamaza tangu jana."

"Ulinyamaza nini?" Tingatinga aliuliza.

"Jana si mimi niliyeendesha."

Nyigu alisikia kila neno. Alijaribu kukaa, mguu wa mtu ukamrudisha chini.

"Nani aliuona uso wa aliyeendesha jana?" Kipanga aliendelea, na sauti ilimkatika mahali panapostahili. "Alitoka pale na helmeti kichwani mpaka ndani ya lori. Mimi na yeye ni kimo kimoja, suti zetu za ngozi kashona fundi mmoja. Aliniomba azunguke mara moja tu, akumbuke enzi zake. Nikamwachia. Nikabeba lawama kwa sababu tulilala tumbo moja."

"Uongo," mtu mmoja alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Muulize mwenyewe, Tingatinga. Nani alikuwa anaijua ile mashine pedali kwa pedali? Nani alikukalisha juu yake akakuzaba kofi ili uamini ni bahati mbaya? Alikuwa anamtetea nani pale, mimi au yeye? Na sasa hivi umemwona kwa macho yako, amekujia upande wa ukuta."

Umati ulianza kunguruma. Jiwe la kwanza lilimpata Nyigu mbavuni. La pili lilimpata begani. Kwa mbali askari walikuwa wanakimbia, lakini uwanja wa mbio ni mpana kwa mtu aendaye kwa miguu.

Tingatinga aliwasukuma watu, akafika. Alipiga magoti juu ya Nyigu. Uso wake bado ulikuwa na unga mweupe kwenye makunyanzi, na machoni mwake Nyigu aliona mtu anayetamani sana kusikia neno moja tu.

"Sema si kweli," alimnong'oneza. "Wewe umeniita kaka yangu. Sema."

Nyigu alifungua kinywa. Taya halikwenda popote. Ilitoka damu na kipande cha jino, na sauti isiyokuwa neno.

"Anashindwa kukana!" walipiga kelele nyuma. "Mnaona? Anashindwa!"

"Huwezi kusema?" Tingatinga alikuwa analia tena. Alikishika kichwa cha Nyigu kwa mkono wake mzima na kwa ule uliovunjika pia, vidole vimezama kwenye nywele zenye damu. "Basi tikisa kichwa. Kama si wewe uliyemuua mdogo wangu, tikisa kichwa tu, nitakuamini."

Nyigu alitaka kutikisa kichwa. Mikono ya Tingatinga ilikuwa imekibana pande zote mbili, na ilikuwa inazidi kubana.